Kutoka khanga ya kwenye kamba hadi maabara: njia ya mtafiti wa grafiki na animesheni, ukianzia Moshi au Arusha

Kijana akinifuata na kusema anataka "kusomea animesheni", huwa namuuliza swali moja kabla hatujafika mbali: unataka kutengeneza katuni, au unataka kujua kwa nini khanga ya kwenye katuni haipepei kama ile ya mama yako iliyoanikwa kwenye kamba? Akichagua la kwanza namwelekeza kwa wanaochora. Wapo, tena wazuri, na shirika la katuni za watoto la Ubongo, la Dar es Salaam, limeshaonyesha kwamba katuni za Kiswahili zina watazamaji. Akinyamaza, akaanza kuitazama kamba, basi mwongozo huu ni wake.

Naandika kwa aliyeko Moshi au Arusha kwa sababu huko ndiko nilikoanzia, nikiwa na laptopu ya mtumba na bando la usiku. Hatua zenyewe zinafuatana, ila hazilingani uzito. Ya tano ndiyo iliyonila muda mwingi kuliko zote, na hapa pia itakula nafasi.

Hatua ya 1: Ijue kazi unayoitafuta

Msanii wa animesheni anatumia programu. Mtafiti wa grafiki, yaani picha zinazozalishwa na kompyuta, anatunga njia ambayo baada ya miaka kadhaa itageuka kitufe ndani ya programu hiyo. Ukilainisha umbo kwenye Blender, programu ya kuunda maumbo na animesheni, unatumia hesabu ambayo Edwin Catmull na Jim Clark waliichapisha mwaka 1978. Ukiweka madoadoa ya kutu au mawimbi ya marumaru, huenda chini yake kuna "kelele" ya Ken Perlin ya mwaka 1985, yaani namba za kubahatisha zilizolainishwa. Ule mng'ao mdogo mweupe juu ya mpira unabeba jina la Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi, aliyeutungia kanuni katika tasnifu yake ya uzamivu kwenye Chuo Kikuu cha Utah mwaka 1973. Alifariki miaka miwili baadaye, na hadi leo wanafunzi wanaandika kanuni yake katika wiki zao za mwanzo.

Kazi ya kila siku haina mbwembwe. Unasoma makala, unaandika programu, inakataa, unatafuta kwa nini, unapima, unaandika, unatuma. Watu watatu au wanne wasiokujua wanaisoma na kukueleza ulipokosea. Mkutano mkubwa wa fani hii ni SIGGRAPH, ulioanza mwaka 1974 huko Boulder, Marekani, na makala zake nyingi huchapishwa kwenye jarida la ACM Transactions on Graphics. Ulaya wana Eurographics tangu mwaka 1980. Wanaoshughulika na mwendo tu, yaani nguo, maji, nywele na miili, wana mkutano wao mdogo wa animesheni ya kompyuta tangu mwaka 2002. Haya majina utayaona sana, yazoee.

Mimi nilianza vibaya. Nililipia kozi ya miezi mitatu kwenye kituo kimoja cha mafunzo mjini, sitakitaja. Mwalimu alitufundisha bonyeza hapa, buruta pale, kwenye programu ya wizi iliyokuwa ikigoma kila Jumatatu. Nilipouliza kwa nini kivuli kina ukingo laini akaniambia "weka tu hiyo namba, itakaa sawa". Ikakaa sawa kweli. Ila nilitoka pale nikijua namba moja tu, na cheti.

Hatua ya 2: Hesabu, usizikimbie

Kama bado uko sekondari, tahasusi za PCM au PGM zinakufaa. Ukishapita ukaishia kwingine, hujafungiwa mlango, ila kuna mambo manne utayarudia mwenyewe usiku: vekta, matriksi, kalkulasi na nadharia ya uwezekano. Si lazima yote kwa mkupuo. Vekta na matriksi kwanza, kwa sababu bila hivyo hutaweza hata kuzungusha kikombe. Kalkulasi utaihitaji siku kitu kitakapoanza kusogea. Uwezekano utauhitaji utakapoanza kurusha miale ya mwanga kwa kubahatisha. Picha ya namna hiyo huwa na chengachenga, na ukitaka chenga zipungue nusu inabidi miale iwe mara nne. Ukishaielewa sababu yake, utaacha kumlaumu aliyekuuzia laptopu.

Hatua ya 3: Mashine, umeme na bando

Huhitaji kompyuta ya milioni nyingi ili kuanza. RAM ya GB 8, kichakataji (prosesa) kisichochoka haraka, na diski ya SSD vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Kadi ya grafiki ni neema, ila si sharti, kwa kuwa hata Cycles, sehemu ya Blender inayorenda, yaani inayokokotoa picha ya mwisho, inafanya kazi bila hiyo, polepole. Blender ni bure kihalali, na ni programu huria tangu mwaka 2002, pale Ton Roosendaal alipochangisha euro 100,000 mtandaoni ili wenye haki zake waiachie. Python na C++, lugha za kuandikia programu, ni bure. Colab ya Google hukuazima kadi ya grafiki kwa saa chache ukiwa na intaneti.

Piga hesabu kabla ya kurenda. Dakika moja ya animesheni kwa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 1,440. Kila fremu ikila dakika tano, hizo ni saa 120, yaani siku tano usiku na mchana, umeme usikatike. Ndiyo maana fremu huhifadhiwa moja moja kama picha na si kama video nzima, ili ukikatika kwenye fremu ya 900 uendelee na ya 901.

Na nakala ya akiba. Laptopu yangu iliwahi kufa wakati wa mvua za Aprili ikaondoka na kazi ya wiki mbili. Tangu hapo kila jioni naituma kazi GitHub, ghala la mtandaoni la programu. Maandishi ya programu ni mepesi mno, MB chache za bando zinatosha.

Hatua ya 4: Tengeneza picha bila programu ya picha

Hii ifanye wiki hii. Fungua kihariri cha maandishi cha kawaida kabisa, andika mistari hii, kisha hifadhi kwa jina lolote linaloishia na .ppm:

P3
2 2
255
255 0 0   0 255 0
0 0 255   255 255 0

Ifungue kwa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, na uikuze. Utaona miraba minne: mwekundu, kijani, bluu na njano. Basi, picha ndiyo hiyo, namba zilizopangwa. Mstari wa pili unasema upana na urefu, wa tatu unasema ukali wa juu kabisa wa rangi, na baada ya hapo kila pikseli, yaani kila kimraba cha picha, ina namba zake tatu.

Sasa iandikie Python kazi ya kuzalisha namba hizo, utengeneze chungwa likiwa juani. Chukua nusu kipenyo cha pikseli 100, katikati ya chungwa pawe sifuri, na y ihesabiwe kwenda juu. Kwa kila pikseli iliyo ndani ya duara, kina chake z ni kipeuo cha pili cha 10,000 kutoa x mara x kutoa y mara y. Gawanya x, y na z kwa 100, umepata uelekeo ambao ganda la chungwa linautazama mahali hapo. Jua liweke upande wa (0, 0.6, 0.8), yaani juu kidogo na mbele ya chungwa, upande uliko wewe. Zidisha namba za ganda na za jua moja kwa moja kisha jumlisha. Jibu ndilo ukali wa mwanga, na likiwa hasi andika sifuri.

Jaribu kwa mkono kwanza. Pikseli (60, 0) ina z ya 80, hivyo ganda linatazama (0.6, 0, 0.8). Jibu ni 0.64, na 0.64 mara 255 ni 163. Pikseli (0, 60) inatoa 1 kamili, yaani 255. Hapo ndipo jua linapopiga wima. Pikseli (0, -80) inatoa sifuri kamili, kwa hiyo kivuli kinaanzia hapo. Johann Heinrich Lambert aliiandika kanuni hii mwaka 1760, kabla ya kompyuta kuwazwa, na ni ileile inayofanya jua la saa sita mchana liunguze shamba kuliko la saa kumi na moja jioni.

Nilipoona chungwa langu la kwanza likitokea, la kijivu, halina hata rangi ya chungwa, nilimwamsha mdogo wangu. Hakufurahi.

Ukimaliza, ongeza sakafu, kivuli cha chungwa juu ya sakafu, kisha kioo. Hapo utakuwa umeingia kwenye njia ya kufuata miale ambayo Turner Whitted aliichapisha mwaka 1980, na ndani ya miezi michache utakuwa unaisoma kanuni ya mwanga ya James Kajiya ya mwaka 1986 ukielewa angalau kwa nini imeandikwa hivyo.

Hatua ya 5: Khanga

Hapa ndipo nilipojifunza utafiti ni nini, kwa hiyo nisamehe nikienda taratibu.

Khanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Igawe kwenye miraba ya sentimita 5, utapata miraba 30 kwa 22, na pembe zake ni vitone 713. Kila kitone kina uzito kidogo. Kati ya vitone jirani weka springi. Vitone viwili vya kona za juu vipigilie kwenye kamba, vingine viachie vianguke. Kila hatua ya muda, sekunde 1 kwa 60, kokotoa nguvu, sogeza vitone, chora.

Khanga yangu ya kwanza ililipuka. Sisemi kwa mafumbo: baada ya nusu sekunde vitone vilitawanyika nje ya skrini na namba zikageuka zisizosomeka. Nilikuwa nimekaza springi mno, kwa sababu khanga haivutiki kama mpira. Springi ngumu ikisukumwa kwa hatua kubwa ya muda hupitiliza, hatua inayofuata ikijirudi hupitiliza zaidi, na hapo hakuna wa kuizuia. Nilidhani nimekosea alama mahali fulani. Nilikaa na kosa hilo siku tisa, kumbe si kosa langu peke yangu. David Baraff na Andrew Witkin walilitolea jibu mwaka 1998, katika makala inayoeleza jinsi ya kukokotoa nguvu za mwisho wa hatua badala ya za mwanzo wake ili hatua ziwe kubwa bila mlipuko. Somo nililopata siku ile linauzwa popote: ukikwama sana kwenye kitu rahisi, huenda kuna makala.

Hesabu zao zilinizidi kimo wakati ule. Nikachukua njia nyepesi ambayo Thomas Jakobsen aliwaeleza waunda michezo mwaka 2001. Kila kitone kinakumbuka kilipo na kilipokuwa. Mahali papya ni mara mbili ya kilipo, toa kilipokuwa, jumlisha mvutano wa dunia mara hatua ya muda mara hatua ya muda. Kwa 9.8 na sekunde 1 kwa 60, hicho kipande cha mwisho ni milimita 2.7. Baada ya hapo pita kwenye kila jozi ya jirani: kama umbali umezidi sentimita 5, wavute wote wawili nusu kwa nusu hadi urudi. Rudia mara ishirini. Haikulipuka.

Nikamwonyesha mama kwenye skrini, kwa kujigamba.

"Mama, tazama khanga yako."

Akainama, akatazama. "Hiyo siyo khanga, mwanangu. Hiyo ni nyavu."

Na kweli, miraba ilikuwa imelala ubavu, imegeuka kama ya chandarua kilichoning'inizwa vibaya. Nikabeba kipande cha khanga kuukuu hadi kwa fundi cherehani mmoja wa soko la Mbuyuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tukushonee nini?"

"Sishoni, mzee. Nataka kujua khanga inavutikaje."

Akanitazama kama mtu aliyekaa sana juani, lakini akakichukua kile kitambaa. Akakivuta kufuata uzi: hakikuenda popote. Akakivuta kwa upande wa pili: vilevile. Kisha akashika kona na kona. "Sasa ona mshazari." Kikaenda, kama vidole viwili hivi. "Ndiyo maana sketi ya kukata mshazari inakaa mwilini. Nani amekuambia kitambaa kinavutika sawasawa kila upande?"

Hakuna aliyeniambia. Ndivyo nilivyokuwa nimekiandika mwenyewe, au tuseme vibaya zaidi: upande wa mshazari sikuwa nimeandika chochote. Nikaongeza jozi za kona kwa kona, za sentimita 7.07, nazo ni 1,320 juu ya zile 1,372 za wima na mlalo. Nikazilegeza kuliko zile za uzi ulionyooka. Jioni hiyo mama akasema "hapo sasa". Baadaye niligundua kwamba Xavier Provot alishaandika mwaka 1995 kwamba kitambaa kinataka aina tatu za springi: za uzi, za mshazari na za kukunja. Fundi alikuwa amenipa mbili kati ya hizo bure.

Swali la utafiti lilikuja baadaye, nalo ni hili: zilegezwe kiasi gani? Nilikuwa nabahatisha namba hadi macho yaridhike, kama yule mwalimu wangu wa kozi. Basi kata vipande viwili vya khanga hiyohiyo, sentimita 50 kwa 5, kimoja kikifuata uzi na kingine mshazari. Vining'inize, funga kilo moja ya sukari chini ya kila kimoja, pima kimerefuka milimita ngapi. Rudia kwa nusu kilo, kwa kilo mbili. Rudia kwa khanga mpya ya dukani ambayo bado ina wanga, kisha ifue mara tatu upime tena; utashangaa. Andika kila kitu kwenye daftari na tarehe yake. Japani walijenga mashine maalumu za kazi hii, zinazoitwa kwa jina la Kawabata, nawe ukianza na sukari na futi ya fundi hakuna atakayekucheka mradi ueleze ulivyopima. Jedwali hilo, pamoja na video mbili zilizo sambamba, ya khanga halisi na ya kompyuta katika upepo wa feni ileile, lina thamani kuliko vyeti vyangu vyote vya kozi.

Angalizo la kiufundi: jozi 2,692, mara marudio 20, mara hatua 60, ni zaidi ya masahihisho milioni 3.2 kwa kila sekunde ya khanga. Python tupu itakwama. Hapo ndipo utakapoiona haja ya C++. Na utagundua kwamba ukiongeza marudio khanga inakuwa ngumu, ukipunguza inakuwa mpira, hata kama hukugusa namba ya ulegevu. Si wewe, ni tabia ya njia yenyewe, na Macklin, Müller na Chentanez waliitafutia dawa mwaka 2016 kwa njia inayoitwa XPBD. Isome ukifika hapo, si kabla.

Hatua ya 6: Soma makala kama fundi, si kama mtahiniwa

Anza na picha. Kisha muhtasari, kisha matokeo, kisha ruka hadi sehemu ya mwisho wanapokiri mapungufu ya kazi yao. Sehemu hiyo fupi ndiyo yenye mali, maana mapungufu ya leo ndiyo makala ya mwakani. Hesabu za katikati zisome mara ya tatu, na kalamu mkononi. Usiseme umeielewa makala mpaka uwe umeijenga mwenyewe, hata toleo dogo. Nyingi zinapatikana bure kwenye kurasa za watunzi wenyewe. Ukiikosa, mwandikie mtunzi kwa adabu akutumie.

Makala mbili kwa wiki zinatosha. Anayekuambia anasoma kumi anasoma vichwa vya habari.

Hatua ya 7: Swali lako lipo karibu kuliko unavyodhani

Kwa miaka mingi makala za nywele zilihangaika na nywele zilizonyooka au za mawimbi. Nywele za kipilipili, zinazojisokota na kushikana, ziliachwa pembeni kana kwamba ni jambo dogo. Theodore Kim wa Yale na A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, ni kati ya waliolisema hilo hadharani, na mwaka 2023 wao na wenzao wakatoa njia ya kuiga mwendo wa nywele hizo. Makala chache kama hizo hazijamaliza jambo. Saluni yoyote ya Ngarenaro ina maswali ambayo maabara nyingi hazijawahi kuyaona: twende kilioni inalegeaje baada ya wiki mbili? Rasta zinagongana vipi mtu anapokimbia?

Ngozi nayo. Njia maarufu ya kukokotoa mwanga unaopenya ndani ya ngozi na kutoka tena, ya Henrik Wann Jensen na wenzake, ni ya mwaka 2001. Kwenye ngozi nyeusi melanini hunywa sehemu kubwa ya mwanga huo, hivyo mng'ao wa juu ya ngozi ndio unaobeba uso. Mwanga uliopangwa kwa ngozi nyeupe humfanya mtu wetu aonekane kama amepakwa masizi.

Kuna jani la mgomba pia. Ingia kihambani baada ya upepo mkali uone linavyochanika kufuata mishipa, vipande vikabaki vinaning'inia kama tambara. Na kuna Kibo, mita 5,895, inayoonekana asubuhi kweupe halafu ikajifunika wingu kabla ya chakula cha mchana. Jos Stam alionyesha mwaka 1999 jinsi ya kuiga moshi na hewa bila programu kulipuka. Gharama yake ni kwamba vile vizunguzungu vidogo hufifia haraka. Wingu la vijumba 128 kila upande ni vijumba 2,097,152, na laptopu ya GB 8 inalimudu.

Chagua moja. Moja tu.

Hatua ya 8: Chuo

Usisubiri kozi yenye jina unalolitaka. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya teknolojia ya multimedia na animesheni, nayo ni nzuri kwa mkono. Ukilenga utafiti jiongezee hesabu. Sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inafaa. Ukitaka kubaki nyumbani, Arusha kuna Chuo cha Uhasibu kule Njiro chenye masomo ya kompyuta, na Chuo cha Ufundi kwa stashahada. Popote ulipo, mradi wa mwaka wa mwisho ndio silaha yako. Wenzako watatengeneza mfumo wa kusajili wanafunzi, wewe peleka khanga. Msimamizi atasema hajui grafiki. Mwambie unachohitaji ni mtu wa kukagua hesabu na vipimo, na kwamba makala utazileta wewe.

Kwa uzamili na uzamivu, Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, daladala tu kutoka mjini Arusha. Huko watu wanafanya uigaji wa kompyuta na akili bandia. Si grafiki moja kwa moja, ila uigaji wa maji ya bonde na uigaji wa wingu la kwenye filamu ni ndugu wa tumbo moja. Afrika Kusini nako wameshughulika na grafiki muda mrefu. Mkutano wa kwanza wa AFRIGRAPH ulifanyika Cape Town mwaka 2001.

Nje ya Afrika, jambo ambalo wengi hatuambiwi mapema ni hili: uzamivu wa sayansi ya kompyuta kwa kawaida haulipiwi na wewe. Marekani vyuo vingi humlipia ada mwanafunzi wa uzamivu na kumpa posho akifundisha au kufanya utafiti, na unaweza kuomba ukiwa na shahada ya kwanza tu. Sehemu kubwa ya Ulaya wanataka uzamili kwanza, na nafasi hutangazwa kama kazi yenye mshahara. Kwa uzamili kuna ufadhili wa DAAD ya Ujerumani, wa Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya na wa Jumuiya ya Madola. Anayekuomba pesa ili "akuunganishe" na ufadhili, mkimbie.

Hatua ya 9: Barua na tarehe

Maombi mengi ya Marekani hufungwa katikati ya Desemba kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Rudi nyuma kutoka hapo: barua tatu za mapendekezo ziombwe Septemba, mtihani wa Kiingereza ufanywe Oktoba (matokeo yake hudumu miaka miwili), pasipoti usiikumbuke Novemba. Ada za maombi huumiza. Baadhi ya vyuo husamehe ukiomba kwa maandishi.

Kwa profesa andika barua fupi. Ataisoma kwa Kiingereza, lakini itunge kwanza kwa Kiswahili ili ujue unachosema. Yangu iliyojibiwa ilikuwa hivi, takriban:

"Nimeijenga upya njia yenu ya kitambaa kwa C++. Kwenye khanga ya pamba niliyoipima kwa mkono, upande wa mshazari ulirefuka zaidi ya ilivyotabiri njia yenu, hasa baada ya kufuliwa. Jedwali na video ya sekunde ishirini nimeviambatisha. Je, mwaka huu mnapokea mwanafunzi?"

Zile zisizojibiwa zilianza na "Tangu utotoni nimekuwa na shauku". Subiri wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha geukia mwingine.

Majibu huja kati ya Januari na Aprili, na tarehe 15 Aprili ndiyo siku ambayo vyuo vingi vya Marekani husubiri uamuzi wa waliopewa nafasi. Mwaka wangu wa kwanza nilikataliwa kote nilikoomba. Nikarudi kwenye vipande vya khanga, safari hii vya vitenge pia, nikaomba tena Desemba nikiwa na jedwali refu mara mbili. Futi niliyopimia ilikuwa ya yule mzee wa Mbuyuni, aliniazima kwa siku moja. Bado ninayo, ukipita pale usimwambie.